Mstari wa Kipimo

Kichupa namba arobaini na moja hakikuwa na mwenyewe. Daftari la maabara lilisema tu: mwanamke, miaka thelathini na miwili, wa kujitolea. Maneno hayo Kitinda aliyaandika kwa mkono wa kushoto asubuhi ile, baada ya kujifungia chooni na kujitoa damu mwenyewe kama mwizi.

Sheria ya pale haikuwa na mjadala. Mfanyakazi hajipimi. Akibainika, anafungasha virago siku hiyo hiyo. Lakini Kitinda, aliyeitwa hivyo kwa kuwa alikuwa kitindamimba wa mama yake, alikuwa na mimba ya miezi miwili ambayo hata mumewe hajaijua. Sheria zingesubiri.

Ugonjwa waliokuwa wakiuchunguza, Kitinda alikulia nao nyumbani. Mama yake alianza kwa kuchanganya rangi. Siku moja alimvalisha soksi moja nyekundu na nyingine ya kijani, na nyumba nzima ikacheka. Miaka michache baadaye mama alikuwa haoni, na akisimama anayumba kama mlevi. Hapo hakuna aliyecheka tena.

Ulikuwa ugonjwa wa jeni, wa mzazi kumwachia mtoto. Tena ulikuwa na roho mbaya: kila kizazi ulikianza mapema kuliko kilichotangulia. Dawa haikuwepo. Kilichokuwepo ni mashine, ambayo ilipima jeni hiyo kwenye damu na kumchorea kila mtu mstari wake kwenye skrini, na mistari ya wagonjwa ilikuwa mirefu kupita kiasi.

Ili kupata mtu mzima wa afya wa kulinganishwa nao, mkuu wa maabara, yeye peke yake akiruhusiwa, alitoa damu yake tangu siku ya kwanza, miaka tisa nyuma. Mzee mwenye afya ya chuma, hajawahi hata kuugua mafua ya maana. Katika wazima wote waliopimwa, mstari wake ulikuwa mrefu kuliko yote, kwa hiyo ukafanywa mpaka. Ukiuvuka, umekwisha. Ukiwa sawa nao au chini yake, nenda nyumbani ukalale. Wafanyakazi wakambandika jina la Kipimo, naye akalipenda.

"Mimi ndiyo rula yenu," alizoea kuwatania. "Msinivunje."

Siku hizi utani ulikuwa umemkauka. Wiki ya tatu sasa alikuwa akisimama mlangoni, mkono kwenye fremu, akimkodolea macho Kitinda. Jana alipeleka trei ya damu kwenye friji siyo, na Kitinda alipomrekebisha, akamfokea mbele za watu. Na leo, kichupa kilipokuwa kinasubiri zamu yake, alikuja moja kwa moja pale mezani.

"Hiki ni cha nani?"

"Cha mtu wa kujitolea, Mzee."

Kipimo alikiinua hadi karibu na pua, akakizungusha taratibu, lebo mbele, lebo nyuma.

"Ukimaliza, njoo ofisini," alisema mzee, akikirudisha mezani. "Peke yako. Na ufunge mlango."

Basi, ameshajua, Kitinda alijiambia. Alitia damu kwenye mashine huku akihesabu miaka aliyofanya kazi pale. Potelea mbali. Kazi ingepatikana nyingine.

Majibu yalitoka alasiri. Kitinda alisogeza kiti, akafumba macho, akafumbua. Mstari wa arobaini na moja ulikuwa kando ya mstari wa Kipimo, kichwa kwa kichwa. Akaweka rula juu ya skrini. Haukuzidi hata unywele. Akaweka tena, na tena, mpaka machozi yakamzuia kuona, akalia ndani ya mkono wa koti lake jeupe asisikike. Hajawahi kuwa na furaha kama ile tangu azaliwe.

Akampigia mumewe.

"Nina mimba," alisema.

Mumewe akauliza: "Si ulisema hatuzai mpaka ujue hali yako?"

"Nimeshajua. Niko salama, mume wangu. Sawasawa na Kipimo."

Akamsikia anamwita mama yake mzazi, "Mama! Mama, njoo usikie!" na kitu cha bati kikianguka sakafuni. Akakata simu akicheka, akajifuta uso, akaenda kufukuzwa kazi.

Kipimo hakuwa nyuma ya meza yake. Alikuwa amekaa kwenye kiti wanachokalia wanaokuja kupimwa. Mbele yake kulikuwa na sindano, pamba na kichupa kitupu.

"Mzee, kuhusu ile arobaini na moja..."

"Arobaini na moja imefanya nini?"

Kumbe hajui kitu.

"Nimekuwa nikikutazama siku zote hizi," alisema mzee, "nione kama umenigundua. Wewe macho yako makali, ila huna mdomo. Ndiyo maana nimekuita wewe. Nitoe damu."

Lo! Kumbe ni hilo tu. Kitinda alimfunga mpira mkononi, akaupata mshipa mara moja, akajaza kichupa. Kisha akachukua kalamu na kuanza kuandika lebo kama alivyoiandika miaka yote.

"Usiandike Kipimo," mzee alimzuia, sauti imeshuka. "Rangi zilianza kunipotea mwaka jana. Sasa hata ngazi zinanishinda. Nipe namba, mwanangu, kama wagonjwa wengine."