Mkono wa Kushoto

Nimechomwa sindano thelathini na tisa, na makovu yote yako kwenye mkono huu wa kushoto. Hapa kwetu mlimani Ngozi, huruhusiwi kusukuma maji kwenye miamba ya moto kabla hujachomwa wewe kwanza. Kila mwamba unapodungwa, na msukumaji anadungwa, ili mwili wake uhisi ufa unaofunguka chini kabla mitambo haijauona. Mvuke unaozalisha umeme wa Mbeya nzima unatokana na mikono kama huu wangu, wala sioni haya kulisema.

Nyumbani wameshazoea. Siku ya sindano hatutwangi, maana kishindo cha kinu hunipanda mpaka kwenye meno.

Jana haikuwa zamu yangu; waliokuwa wakisukuma ni wenzangu. Binti yangu Atuganile, aliyeikataa kazi hii, alikaa sebuleni akimnyonyesha mwanawe Lusajo. Ghafla mtoto aliachia ziwa, akageuza uso kuelekea mlimani, akatulia. Ndipo na mimi nikahisi maji yakishuka miambani.

"Umeona, mama? Anafanya hivyo kila zamu."

"Damu yangu hiyo," nilisema, nikampokea kwa fahari. "Amenitangulia mimi, msukumaji wa miaka ishirini."

"Lakini hajachomwa hata moja."

Niliushika mkono wa kushoto wa Lusajo. Ulikuwa laini kabisa. Mama yake alimwita mara tatu, naye hakugeuza uso kutoka mlimani.

Atuganile akaenda uani, akakibeba kinu, akakifungia stoo.