Amplifaya Isiyovuma

"Zima kiyoyozi," mteja alisema. "Na feni. Na huyo dada aache kutafuna."

Dada wa kaunta, shemeji yake mwenye duka, alisitisha taya. "Basi nisipumue pia?"

"Ukiweza," mzee alijibu, wala hakuwa anatania.

Mwenye duka, ambaye mtaa mzima ulimwita Sikio, alizima kila kitu. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akiuza vyombo vya muziki wa nyumbani, kazi aliyojifunza mwenyewe kwa kufungua na kufunga, na wateja wagumu hawakumtisha. Lakini huyu alikuwa wa aina yake. Alijaa vumbi kuanzia nyusi hadi viatu, na tayari alikuwa amekataa amplifaya tatu za watu wenye pesa zao. Hakutaka kusikia muziki hata kidogo. Alivaa hedifoni, akafungua sauti hadi mwisho bila kupiga chochote, akasikiliza ule ukimya, kisha akazivua.

"Inavuma."

"Mzee wangu, mvumo huo hata popo hausikii."

"Mimi nausikia. Na yeye sauti yake ni ndogo kuliko huo mvumo."

"Yeye nani?"

"Mke wangu."

Shemeji, aliyekuwa ameanza kunong'ona kwamba duka la saruji liko mtaa wa pili, aliinamisha uso.

Sikio akaelewa. Wateja wa namna hii aliwahi kuwapata: mmoja alibakiwa na kanda ya mama yake, mwingine na ujumbe wa simu wa mwanawe. Hakuwa na desturi ya kuwachokonoa. Aliuliza alichomuuliza kila mtu, kalamu mkononi.

"Chumba kina kuta za nini?"

"Zege."

"Toka ulipo hadi sauti inapotokea?"

"Mita sita. Wengine wanasema nane."

Aliandika sita. "Unapigia nini, santuri au kanda?"

"Waya upo tayari. We nitafutie kitakachoupokea. Na kitumie betri ya gari."

Sikio alimtazama kwa heshima mpya. Wapenzi wa kweli wa sauti huukimbia umeme wa ukutani. Wanasema una uchafu. "Na spika?"

"Sitaki spika. Nataka prosesa ya kuondoa injini na magari, ibakize mtu tu."

"Mara ya mwisho kuisikia vizuri ilikuwa lini?"

"Juzi. Jana ilikuwa kwa mbali. Leo, tangu alfajiri, kimya."

"Inachakaa," Sikio alisema kwa upole. "Kila ukiirudia inazidi kulika. Ipumzishe, uniletee Ijumaa niisafishe taratibu."

Mzee alishika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili. "Ijumaa? Saa sita wanaingiza mashine, bwana! Zile kubwa. Zikishaanza kunguruma nitasikia nini tena?"

Ukutani ilikuwa saa nne na nusu. Wajenzi wa jirani, Sikio aliwaza, na kweli hawana simile.

"Pole sana kwa msiba, mzee."

"Msiba gani?" Macho yakamtoka. "Na usinipe kiti! Maduka mawili nimeeleza, kote wamenishika bega wakanivutia kiti. Huku sielezi tena. Nipe kitu kisichovuma."

Shemeji alimletea maji bila kuambiwa. "Baba, kuna dawa unatumia?"

"Ya presha. Sijameza tangu juzi. Yeye ndiye hunikumbusha. Kila asubuhi, kabla hata ya salamu: umemeza?" Alicheka kidogo.

Sikio aliingia chumba cha nyuma akatoka na chombo ambacho hakikuwahi kukaa dirishani. Amplifaya yake mwenyewe, aliyoifungua na kuifunga upya mara nne hadi ikanyamaza kama kaburi. Akaiunganisha na prosesa yake bora, akawasha.

Mzee alivaa hedifoni, akafumba macho. Safari hii hakuzivua.

"Hii," alisema. "Tia kwenye boksi."

"Ngoja ipate moto. Nusu saa. Amplifaya ikiwa baridi haihukumiwi."

"Haiwezi kupata moto njiani?"

"Mzee, umesubiri hadi leo. Nusu saa ni nini?"

Mzee alisimama amelaza kiganja juu ya kifuniko, kama mtu anayepima homa ya mtoto, huku anaitazama saa. Ilipopita robo saa machozi yalianza kushuka yakichora mifereji kwenye lile vumbi, na Sikio, ambaye hakuwahi kuivunja kanuni yake kwa mteja yeyote, alichomoa waya.

"Twende. Nitakufungia mwenyewe. Bei tutaongea siku nyingine."

Gari aliliendesha yeye. Mzee alielekeza kwa kidole, kushoto, kulia, hadi pale askari walipoizuia barabara kwa utepe. Akauinua utepe kama anayefungua mlango wa kwake. Nyuma yake ghorofa tano zilikuwa zimelaliana kama sahani, na waya mwembamba wenye kinasa sauti nchani ulikuwa umeshushwa kwenye ufa. Filimbi ikapulizwa. Makoleo yakatulia, watu wote wakanyamaza.

Sikio aliunganisha. Mzee akamsukumia hedifoni. "Sikiliza wewe. Mimi naogopa."

Maji yalidondoka mahali fulani. Kitu kikakwaruza. Kisha sauti ya mwanamke, iliyokauka lakini yenye kugomba, ikauliza kama yule mzee wake amemeza dawa.