Kiti Kinachokumbuka

Zamzam, muuzaji wa duka la magari, alimsomea Mzee Mbaruku vya kuongezea kwenye gari la mbio alilokuja kununua: paa la kufunguka, spika kubwa, rimu nyeusi. Mzee akavikataa vyote.

"Breki na mikanda vinanitosha, mwanangu. Si vinakuja na gari?"

"Na kiti kinachokumbuka mikao ya madereva wawili? Hiki kimeshafungwa, ila unakilipia."

"Hicho nakitaka."

Akaketi. Zamzam akabonyeza kitufe cha moja, kiti kikauhifadhi mkao wake.

"Dereva wa pili atakuja lini?"

Jana tu, nyumbani kwa Mzee, walisoma arobaini ya mkewe. Mzee akakisogeza kiti mbele, akakipandisha, mpaka magoti yakagota usukani.

"Bonyeza mbili."

Zamzam akabonyeza. Mzee hakushuka. Alibaki amebanwa vile vile, akiitazama barabara kwa kimo cha mkewe.