Kioo cha Plazma

“Chukua runinga ya LCD, mama,” muuzaji alimshauri Bi Hidaya. “Hiyo plazma kioo chake kinang'aa mno. Ukiizima tu, unauona mlango ulio nyuma yako.”

Bi Hidaya, fundi cherehani, akaomba zote mbili zizimwe. LCD ikawa nyeusi tii. Ndani ya plazma akajiona mwenyewe, na nyuma yake watu wakipita nje ya duka.

Bintiye, aliyeondoka kwa hasira miaka sita nyuma, alikuwa amepiga simu kusema kwamba anarudi. Siku hakuitaja.

“Basi hii ndiyo yangu, baba. Nifungie.”

Nyumbani aliitundika mbele ya cherehani, wala hakuiwasha. Akaketi kushona, mgongo ameupa mlango.

Mara, ndani ya kioo, pazia la mlangoni likainuka.