Somo la Kumi na Moja

Siku hizo kila mtu alipaswa kujifunza kuziandikia programu mashine za nyumbani kwake, na kila somo alilofaulu lilifutwa kwenye kioo cha mwongozo wake. Bi Nasikia wa Korogwe alikuwa amekwama kwenye somo la kumi na moja kwa miezi saba. Mwongozo wake uliandikwa na marehemu binti yake, Salha, na mifano yake ilikuwa ya nyumbani kwao: "Ikiwa mama amechoka, chemsha chai. La sivyo, mwache apige soga."

Mwantumu, msimamizi wa mafunzo mtaani, akaja kumwona.

"Shikamoo, bibi. Umekosa tena."

"Marahaba, mwanangu. Kichwa kimechakaa."

"Mbona pampu ya jirani uliiandikia programu bila kosa?" Bibi akakiinamia kioo, naye Mwantumu akaongeza: "Ukikosa tena watakupa mwongozo mwingine, ambao haukuandikwa na mtu."

Bi Nasikia akausoma ukurasa ule mara ya mwisho, kisha akajibu sawasawa. Kioo kikabaki cheupe. Akafumba macho, akaanza kulisoma somo lote kwa ghibu, neno kwa neno, kama anayembembeleza mtoto.

Kuhifadhi somo lililofutwa, hata kichwani, kulikatazwa, na kazi ya Mwantumu ilikuwa kuripoti. Alifunga mlango, akaketi mkekani karibu naye, akamwomba ashushe sauti kidogo.