Taa ya Katikati

Udongo ulikuwa hautoki kwenye kucha za mzee fundi. Kiwanda kizima ni cha sabuni, makatoni yamepangwa hadi darini, na yeye kucha zake nyeusi kama za mchimba visima. Angepata nafasi angekwenda kuzisugua. Lakini mkono wake wa kulia ulikuwa na kazi ndani ya paneli ya umeme, umeishikilia skrubu ya waya wa katikati iliyolegea, na yeye si mtu wa kuacha kazi nusu.

Mbele yake binti yake alikuwa anatazama ukutani. Taa tatu, moja kwa kila waya. Ya kushoto inawaka, ya kulia inawaka, zote mbili kwa ukali usio wa kawaida. Ya katikati giza.

"Waya umegusa udongo," mzee alimwambia.

Binti hakujibu. Sawa. Huyu akinuna, amenuna.

Na haki ya kununa alikuwa nayo, ingawa mzee asingekubali hata kwa kuvutwa masikio. Nyaya za kiwanda hiki hazikufungwa ardhini popote. Mmoja ukigusa ardhi, hakuna kinacholipuka, hakuna mashine inayosimama. Taa yake tu ndiyo inazimika, basi, kazi inaendelea. Balaa ni pale mtu atakapokuja kugusa waya mwingine, maana hapo umeme umepata njia ya kupita, na njia yenyewe ni yeye. Siku waliyokosana ilizimika taa ya kushoto. Binti alimwomba wazime kila kitu watafute. "Mashine si zinakwenda?" mzee alimjibu mbele ya watu, na watu wakacheka. "Tutatafuta Jumatatu." Kisha akaingiza mkono kukaza skrubu ya katikati. Tangu hapo binti hajamsemesha, hata salamu hampi.

"Fundi," msimamizi aliita kutoka mlangoni.

"Nipo," mzee akaitika, lakini msimamizi alikuwa anamtazama binti.

Fundi, enhe. Juzi tu alikuwa anashikishwa tochi. Na glavu alizovaa zilikuwa za babake, kubwa mpaka ncha za vidole zinaning'inia. Kazichukua bila hata kuomba.

"Si ulisema waya mbaya ni ule wa pampu?" msimamizi aliuliza.

"Huo ndio uliozima taa ya kushoto. Nimeshaubadilisha. Sasa ni hii ya katikati."

"Labda taa yenyewe imeungua."

"Nimeweka mpya. Haiwaki."

"Basi tuendelee tu. Mashine si zinakwenda?"

Binti aligeuka polepole. "Maneno hayo hayo aliyasema baba."

Msimamizi aliinamisha kichwa. Mzee roho ilimuuma. Unasemwa mbele ya watu kama vile hupo, na anayekusema ni mtoto uliyemfundisha mwenyewe kumenya waya.

"Zima unachotaka, fundi," msimamizi alisema kwa sauti ndogo, na mzee hakuelewa kwa nini amevua kofia.

Wakaanza. Kasoro kama hii hutafutwa hivyo: unazima mashine moja moja, jicho liko kwenye taa. Ukiifikia yenye kasoro, taa inarudi. Binti alizima pampu. Giza. Akazima mashine ya kuchanganya mafuta. Giza. Ikafuata ya kukata vipande, zikafuata feni za kukaushia. Mzee alikuwa anamtazama mikono tu. Hakuruka hatua hata moja, na mzee alijisikia fahari ambayo hakuwahi kumwambia.

Kiwanda kikawa kimya kabisa. Taa ya katikati bado giza.

"Kimebaki nini?" msimamizi aliuliza.

"Hakuna. Ni paneli tupu."

"Kwa hiyo ni humu humu ndani."

"Ni humu humu," binti alisema. "Naomba unipishe. Funga na mlango."

Mzee akajua anachotaka kufanya, na hofu ikamshika. Ataingiza mkono. Waya mmoja tayari unagusa ardhi. Akiteleza akagusa wa kushoto au wa kulia, amekwisha. Na mtoto ni huyu mmoja tu, hana mwingine.

"Usiingize mkono," alisema. "Mwanangu, nakuomba. Mimi nimeshika hapa. Nikiachia, skrubu itachomoka, utaumia."

Sauti yake hakuisikia hata yeye.

Binti alivua glavu, akazikunja vizuri, akaziweka juu ya paneli, pale pale babake alipozoea kuziweka. Mkono hakuingiza. Alisogea karibu kabisa, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile akainua macho kumtazama babake. Yalikwenda pembeni kidogo ya uso.

"Sijanuna, baba," alisema, machozi yanamtoka. "Ile skrubu niliikaza mwenyewe, tulipotoka kukuzika. Achia."

Vidole vya mzee vikafunguka, na taa ya katikati ikawaka.