Sugu Katika Damu

"Kuna mtu amekuwa akikupa antibayotiki, mama. Kwa miezi. Ni nani?"

Fundi cherehani alimtazama daktari kama aliyeambiwa kaota mkia. Hii ilikuwa siku ya tatu ya homa, na dawa mbili za dripu zilikuwa zimegonga mwamba. Daktari alimweleza kwamba bakteria waliokuwa kwenye damu yake walishazizoea dawa za aina hiyo muda mrefu, wakawa sugu.

"Mimi nameza vidonge vya saratani tu," alisema.

Na wala havikumsumbua. Miezi minane hakutapika, hakupoteza hata unywele mmoja. Ila uvimbe wa titi ulizidi kukua, ndipo akalazwa apewe dawa kali ya mshipani, na hiyo ikamwacha hana kinga.

Kaka yake, mwenye duka la dawa, ndiye aliyemchukulia vidonge hivyo hospitalini kila mwezi, ili mgonjwa asisimame kwenye foleni. Sasa alikaa ukingoni mwa kitanda, akamshika mkono.

"Mdogo wangu, hivi uji wako anapika nani?"

Hakuhitaji jibu. Alipika wifi yake, dada wa marehemu mumewe, mwanamke mwenye kidonge cha kila kitu mkobani. Ukipiga chafya tu, keshakutolea kimoja.

Jioni wifi alipofika na chupa ya uji, hakukaribishwa kiti.

"Umekuwa ukinitilia nini humu?"

"Mimi, wifi?"

"Nilikuamini kuliko ndugu wa tumbo moja. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako."

Yule aliyemwogesha na kumfulia kwa miezi yote hiyo alifunga kifuniko cha chupa taratibu. "Nilikupa kidonge kimoja, cha kichwa, mwaka juzi," alisema, akatoka.

Fundi aligeukia ukutani akalia. Saratani ilimjia yenyewe. Lakini kumwamini wifi, alichagua mwenyewe kwa moyo wake.

Kesho yake mfamasia wa wodi aliomba dawa zote zilizobaki nyumbani. Kaka akasema hazipo, alishazitupa. Mchana wifi akaingia kimya, akamkabidhi mfamasia kikopo. Mfamasia akamwaga vidonge kiganjani, akasoma maandishi ya kimoja, kisha cha pili, kisha cha tatu.

"Ndiyo yenyewe," alisema. "Antibayotiki tupu. Humu hamna kingine."

"Angalau umekiri," fundi alimwambia wifi yake.

Wifi alimtazama, bila hasira.

"Hicho nimekitoa kabatini kwako, wifi. Hivyo ndivyo vidonge vya saratani anavyokuletea kaka yako."